Gari linapogonga kwa mbele: Tafuta chanzo kabla ya kununua kipuri

MADEREVA wanaosafiri kati ya Sori na miji ya Homa Bay, Migori na Kisii wanaifahamu vyema sauti hiyo. Tairi la mbele linaingia katika shimo dogo na mara "ko! ko!" inasikika chini ya miguu. Siku ya kwanza sauti hupuuzwa. Siku ya pili redio huongezwa sauti ili isisikike. Siku ya tatu mwenye gari hufika kwa fundi, na mara nyingi hukumu hutolewa kabla boneti haijafunguliwa: shokomzoba zimekwisha, nunua mpya.

Hukumu hiyo yaweza kuwa sahihi. Hata hivyo, yaweza pia kummalizia mwenye gari fedha zake huku sauti ikibaki palepale. Shokomzoba ni kifaa kimoja tu miongoni mwa vingi vinavyoweza kugonga katika sehemu ya mbele ya gari. Baadhi ya vifaa hivyo vikilegea huudhi masikio tu. Vingine vikikatika, gurudumu hulala upande na dereva hupoteza mamlaka ya usukani. Kutofautisha makundi hayo mawili ni jambo la fedha na pia la uhai.

Kwa nini gari hugonga

Sori ni mji wa ufuoni mwa Ziwa Victoria, katika eneo la Karungu, Kaunti ya Migori. Barabara itokayo Rodi Kopany kupitia Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay, huufikisha msafiri hapo. Gari linalohudumu eneo kama hili hukumbana na mengi: matuta, changarawe, mchanga wa ufuoni, matope ya mvua, na mizigo ya samaki na abiria ambayo mara nyingine hupita kiasi.

Isitoshe, magari mengi huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwingine. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), kilichowekwa mwaka wa 2000, huruhusu magari yaliyotumika ambayo umri wake hauzidi miaka 8. Kwa hivyo mpira ulio ndani ya viungo vya gari huwa umeanza kuzeeka kabla mmiliki mpya hajalitia mafuta.

Magari mengi madogo, likiwemo Toyota Probox, hutumia kwa mbele mfumo unaobeba jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, aliyeubuni katika miaka ya 1940. Katika mfumo huo, springi na shokomzoba hukaa pamoja kama nguzo moja kati ya gurudumu na bodi. Juu ya nguzo hiyo kuna kikalio cha mpira chenye beringi, ambacho huiruhusu izunguke usukani unapokatwa.

Kwa chini, gurudumu hushikiliwa na mkono wa chuma. Ncha ya ndani ya mkono huo imefungwa kwa bushi za mpira, na ncha ya nje ina boli jointi, yaani tufe la chuma linalozunguka ndani ya kikombe. Usukani nao hulifikia gurudumu kupitia tairodi endi. Kadhalika kuna stabilaiza, chuma kirefu kinachozuia gari lisilale upande kwenye kona. Huunganishwa na kila upande wa gari kwa kijiti kifupi ambacho mafundi hukiita linki.

Vifaa hivi vikiwa vizima, hakuna chuma kinachogonga chuma kingine. Sauti ya kugonga humaanisha kuwa kuna kitu kinachocheza mahali ambapo hakikutakiwa kucheza. Kazi yote ya uchunguzi ni kukitafuta kitu hicho.

Sikiliza ni wakati gani

Wakati inapotokea sauti ni ushahidi bora kuliko sauti yenyewe. Chuma husafirisha mlio, na kasoro iliyo upande wa kushoto yaweza kusikika kana kwamba iko kulia. Kwa hivyo dereva na aandike mambo manne: mwendo wa gari, hali ya barabara, mkao wa usukani, na kama breki ilikuwa imekanyagwa.

Mgongo mwepesi wa mfululizo kwenye changarawe, gari likienda polepole, aghalabu hutokana na linki za stabilaiza au bushi zake. Mgongo mmoja mzito unapokanyaga breki, na mwingine gari linapoondoka, huelekeza kidole kwenye bushi za mkono wa chini.

Mlio unaotoka juu, karibu na boneti, unapozungusha usukani gari likiwa limesimama, hutokana mara nyingi na kikalio cha juu cha nguzo au beringi yake. Mgongo unaoambatana na usukani kutikisika mikononi hutaka tairodi endi zichunguzwe kwanza.

Aidha, kuna sauti zinazochanganya. Mlio wa "tak-tak-tak" usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho huku gari likitembea kwa kawaida ni wa kiungo cha nje cha ekseli, wala si wa shokomzoba. Na iwapo mgongo kwenye matuta madogo hutoweka breki ikikanyagwa kidogo tu, chunguza kalipa na pedi za breki.

Ondoa yasiyohusika

Kabla ya kuliinua gari, toa kila kitu kinachoweza kugonga chenyewe: jeki, spana, chupa, tairi la akiba. Tikisa boneti, betri na plastiki za ndani ya madigadi. Halafu hakikisha kwamba nati za magurudumu zimekaza. Nati zilizolegea hutoa sauti inayofanana na ya kiungo kibovu, na gurudumu laweza kuchomoka. Ni kosa la dakika chache kulirekebisha, lakini hupitwa kwa sababu kila mtu anawaza kipuri kikubwa.

Baada ya hapo, bonyeza pembe moja ya mbele ya gari kwa nguvu mara tatu, kisha achilia. Gari likipanda na kutulia, shokomzoba ingali inafanya kazi yake ya kutuliza springi. Likiendelea kuruka juu na chini, imechoka. Angalia pia kama mafuta yametiririka kwenye mwili wake. Jaribio hili halitoshi peke yake, kwani shokomzoba yaweza kutuliza gari na bado ikawa imelegea pale ilipofungwa.

Mwombe mwenzako azungushe usukani kushoto na kulia huku ukiweka kiganja juu ya kikalio cha nguzo ndani ya boneti. Kikiruka au kukwama badala ya kuzunguka taratibu, mtuhumiwa amepatikana. Usiingize vidole kati ya mizunguko ya springi.

Inua gari, tikisa gurudumu

Hatua inayofuata yahitaji uangalifu mkubwa. Chagua mahali tambarare na pagumu. Mchanga wa ufuoni haufai, kwani jeki huzama na kupinda. Vuta breki ya mkono, weka vizuizi nyuma ya magurudumu ya nyuma, na uliweke gari juu ya stendi za chuma. Kamwe usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Shika gurudumu juu na chini, kisha ulitikise. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki kwa nguvu huku ukiendelea kulitikisa. Kucheza kukiisha, yamkini kasoro ni beringi ya gurudumu. Kukiendelea, itazame boli jointi. Kisha shika gurudumu kushoto na kulia. Likicheza upande huo pekee, chunguza tairodi endi na viungo vya ndani vya usukani.

Boli jointi haiwezi kuhukumiwa kwa macho tu. Pitisha mtaimbo kati ya mkono wa chini na kitovu cha gurudumu, uusukume taratibu juu na chini, na utazame iwapo tufe linapanda na kushuka ndani ya kikombe. Mpira unaokifunika kiungo hicho ukiwa umepasuka, hesabu kwamba mchanga na maji vimekwisha kuingia, na kwamba kiungo kinasagika hata kama bado hakigongi.

Kuna tofauti moja muhimu. Katika pikapu ambazo springi yake imekalia mkono wa chini, jeki na iwekwe chini ya mkono huo wenyewe. Ikiwekwa chini ya fremu, springi huisukuma boli jointi ikabana, na kiungo kibovu kikaonekana kizima.

Bushi nazo hupimwa kwa mtaimbo huo huo. Mpira mzima hujipinda kidogo na kurudi. Uliopasuka hufunguka, na chuma cha kati kikaonekana kikihama.

Linki za stabilaiza zina hila yake. Gurudumu moja likiinuliwa peke yake, stabilaiza hujikunja na kuibana linki, nayo haichezi tena. Kwa sababu hiyo, zipimwe magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa katika kimo kimoja, kwa kuishika linki na kuitikisa kwa mkono.

Makosa wakati wa kutengeneza

Kasoro ikishapatikana, kazi yaweza bado kuharibika kwa ufungaji mbaya. Bolti za bushi za mpira hukazwa kikamilifu gari likiwa limekalia magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira hubaki umesokotwa kila gari linapotembea, nao hupasuka mapema. Mwenye gari hudhani ameuziwa bushi bandia ilhali ubovu ulikuwa katika kufunga.

Vilevile, shokomzoba hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia, ili gari lisiyumbe breki ikikanyagwa. Pini ya kuzuia nati ya boli jointi au tairodi endi isifunguke haitumiwi mara ya pili. Na baada ya kubadilisha kiungo cha usukani, mkono wa chini au nguzo, magurudumu yapimwe na kulinganishwa upya. La sivyo matairi yataliwa upande mmoja.

Ni lini gari lisiendeshwe

Linki iliyolegea au bushi ya stabilaiza iliyokwisha yaweza kusubiri siku chache, gari likiendeshwa polepole bila mzigo mzito. Hali si hiyo kwa boli jointi inayocheza, tairodi endi iliyolegea, beringi ya gurudumu iliyokwisha, mkono wa chini uliopasuka au nati za gurudumu zisizokaza. Gari lenye kasoro hizo liegeshwe, hata kama abiria wamekwisha kulipa nauli. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hukataza kutumia barabarani gari ambalo hali yake inaweza kusababisha hatari.

Mmiliki asiyekuwa na zana za kufanya uchunguzi huu anaweza bado kujisaidia. Amweleze fundi sauti hutokea lini, waende pamoja kwenye sehemu ile ile ya barabara, kisha amwombe fundi amwonyeshe kwa mkono kitu kinachocheza. Fundi stadi hataona ugumu kufanya hivyo. Asipoweza kukionyesha, fedha zibaki mfukoni hadi kitakapoonekana.

Kazi ikikamilika, gari lirudishwe kwenye shimo au tuta lile lile, kwa mwendo ule ule na mzigo ule ule. Sauti ikiwa imetoweka hapo, kasoro imeondolewa. Ikiwa ingalipo, uchunguzi uanze upya kutoka kwenye nati za magurudumu.