Jibini ya Reagan

Ndugu zangu, huku Marekani wengi wetu huwalaumu maskini kwa wanachokula. Hebu tujiulize, nani aliyewapakulia? Mwaka 1939, mjini Rochester, New York, stempu za chakula zilianza kwa rangi mbili. Ukinunua za rangi ya chungwa za dola 1, unapewa bure za buluu za senti 50. Lakini za buluu zilinunua tu mazao yaliyowazidi wakulima: siagi, mayai, maharage. Ghala ndilo lililochagua, si mlaji! Desemba 1981 Reagan akaruhusu igawiwe jibini ambayo serikali ilikuwa imeinunua ili bei ya maziwa isianguke. Ikafuata siagi tena, na maziwa ya unga. Kwenye foleni walikuwamo Wamarekani weusi, ambao wengi wao, ukubwani, maziwa huwavuruga tumbo.