Ada ya Mpokeaji: Kutoka Posta ya Rowland Hill hadi Zawadi ya Uongo

Kabla ya mwaka 1840, barua nchini Uingereza ilikuwa deni mlangoni. Gharama yake ilihesabiwa kwa umbali wa safari na idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyelipa alikuwa mpokeaji, wala si mtumaji. Maskini aliyebishiwa hodi na tarishi alilazimika kuamua, kabla hajaifungua barua, kama yaliyomo yalistahili fedha yake. Wengine walibuni hila: mtumaji aliweka alama ya siri juu ya barua, mpokeaji akaisoma alama hiyo kwa kuitupia jicho, kisha akaikataa barua bila kutoa hata senti.

Aliyeshughulika kuupindua utaratibu huo alikuwa amelelewa katika ualimu jijini Birmingham. Rowland Hill, aliyezaliwa Kidderminster mwaka 1795, alifundisha katika shule ya familia yake, ambayo mwaka 1819 ilihamia jengo jipya la Hazelwood huko Edgbaston. Katika kijitabu alichokitoa mwaka 1837, baada ya kuondoka Birmingham, alionyesha kwamba kilichoigharimu posta zaidi hakikuwa kuisafirisha barua, bali kuikadiria bei na kukusanya malipo nyumba kwa nyumba. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa bei moja ndogo kwa nchi nzima, ilipwe mapema na anayetuma. Bei ya peni moja ilianza Januari 1840, na stempu ya kwanza ikafuata mwezi Mei. Barua zilizotumwa ziliongezeka kutoka takriban milioni 76 mwaka 1839 hadi takriban milioni 169 mwaka 1840.

Badiliko hilo hutazamwa, kwa haki, kama ushindi wa watu wa kawaida. Hata hivyo, lina sehemu ya pili isiyosimuliwa sana. Kila gharama ya ujumbe inaposhuka, kumwandikia mtu usiyemjua kunageuka kuwa biashara inayolipa, na si kila afanyaye biashara hiyo ni mwaminifu. Hila yenyewe ilikuwapo kabla ya stempu. Vidocq, mhalifu wa Ufaransa aliyegeuka kuwa mkuu wa wapelelezi, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1828 jinsi wafungwa walivyowaandikia matajiri habari za hazina iliyofichwa, ambayo ingepatikana iwapo tu mpokeaji angetuma kwanza fedha kidogo. Kwa hesabu yake, katika kila barua mia moja, ishirini zilijibiwa. Baadaye hila hiyo ilijulikana kama barua ya mfungwa wa Uhispania. Umbo lake halikubadilika: mali kubwa iliyo mbali, kizuizi kidogo, ombi la kutunza siri, na ada inayotangulia.

Bahati nasibu iliingia katika umbo hilo kwa urahisi. Serikali ya Uingereza iliendesha bahati nasibu zake tangu mwaka 1694 hadi droo ya mwisho ya mwaka 1826. Kisha ikapita miaka 168 kabla ya Bahati Nasibu ya Taifa ya sasa kuchezeshwa kwa mara ya kwanza, tarehe 19 Novemba 1994. Aprili ya mwaka huohuo, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walimwaga tangazo moja katika maelfu ya makundi ya majadiliano ya intaneti. Tangazo lilihusu bahati nasibu ya viza ya Marekani, ile iitwayo Green Card, na mawakili hao walitoza ada kwa huduma ya maombi ambayo mtu angeweza kuyatuma mwenyewe kwa posta. Huo haukuwa utapeli wa zawadi. Lakini inafaa kukumbukwa kwamba mojawapo ya matangazo ya kwanza ya kero yaliyotikisa intaneti nzima lilikuwa la bahati nasibu, na kwamba mlengwa wake alikuwa mhamiaji.

Miaka michache baadaye, jina la bahati nasibu ya Uingereza lilikuwa limekwisha kuzagaa duniani katika barua pepe za uongo. Mtu wa Mwanza au Mombasa, ambaye hajawahi kukanyaga Uingereza wala kununua tiketi yake, aliarifiwa kwamba anwani yake ya barua pepe imechaguliwa na kompyuta, na kwamba mamilioni ya pauni yanamsubiri. Barua hizo zilipambwa kwa nembo, namba za kumbukumbu, na jina la wakala wa kushughulikia malipo. Jina la mtumaji halikuthibitisha lolote: kanuni za msingi za kusafirisha barua pepe, zilizochapishwa mwaka 1982, hazikumtaka mtumaji athibitishe kuwa ndiye anayedai kuwa, sawa na bahasha ambayo nyuma yake mtu anaweza kuandika jina lolote alipendalo.

Kwa muda mrefu wasomaji walifunzwa kuzitambua barua hizo kwa makosa ya lugha. Funzo hilo lina kasoro. Mwaka 2012, Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alitoa hoja kwamba hadithi isiyoaminika humfaa tapeli. Kutuma barua milioni moja ni karibu bure. Kinachomgharimu ni muda wa kujibizana na wanaojibu. Hadithi iliyotiwa chumvi kupita kiasi huwachuja wenye shaka mapema, na kumwachia wale wanaoelekea kulipa. Makosa, kwa hiyo, huenda yakawa chujio. Na leo, programu za akili unde zinapoweza kuandika Kiingereza safi au Kiswahili fasaha kwa sekunde chache, anayesubiri kosa la tahajia ili astuke atasubiri sana.

Alama ya kudumu ni mwelekeo wa fedha. Mshindi wa Bahati Nasibu ya Taifa ya Uingereza ni mtu aliyenunua tiketi. Ana siku 180 za kudai zawadi yake, na zawadi hiyo haitozwi kodi ya mapato. Barua ya uongo humpa ushindi mtu asiyecheza, kisha humtaka alipe kodi, bima, ada ya benki au gharama ya kusafirisha hundi. Swali moja huiangusha: ikiwa ada hiyo ni ya kweli, kwa nini isikatwe katika zawadi yenyewe? Tapeli hulijua swali hili, na jibu lake huwa tayari: eti sheria hairuhusu zawadi kuguswa kabla haijamfikia mwenyewe. Mlengwa akilipa mara moja huzuka ada ya pili, na ya tatu, kwa kuwa aliyekwisha kutoa huona uchungu kuacha alichokitoa kipotee. Kilichoondolewa na posta ya peni moja kinarudishwa hapa kinyemela: mpokeaji analipishwa tena ujumbe ambao hakuuomba.

Kiswahili kina jambo la kusema katika historia hii. Katika istilahi bahati nasibu, neno nasibu limetokana na Kiarabu, ambako lina maana ya fungu alilojaliwa mtu. Anayeambiwa kwamba ameshinda huambiwa kuwa fungu lake limefika, na kulikataa huonekana kama kukataa riziki. Nguvu ya maneno hayo huongezeka katika jamii ambamo safari ya Ulaya yenyewe huhesabiwa kuwa bahati. Mwombaji wa Green Card anayepokea barua pepe ya ushindi tayari anasubiri habari. Kinachotakiwa ni kumpa habari ya uongo kabla ya ile ya kweli. Utaratibu rasmi ulimtaka mwombaji aangalie matokeo mwenyewe katika tovuti ya serikali ya Marekani, kwa namba ya uthibitisho aliyopewa alipoomba, na ada ya viza ilipwe wakati wa usaili ubalozini, si kwa wakala aliyejitokeza kwa barua pepe.

Ugenini mzigo huwa mzito zaidi. Mhamiaji wa Afrika Mashariki anayeishi Birmingham mara nyingi ndiye anayetarajiwa kulipa karo na matibabu ya nyumbani. Akitapeliwa, hupoteza fedha ambazo tayari zilikuwa na wenyewe. Na lugha ya mitaani ya Tanzania inamngoja na hukumu yake: ameingizwa mjini. Msemo huo humchora mjinga aliyefika jana kutoka shamba, na humwacha tapeli nje ya picha kabisa. Sheria ya Uingereza ya Ulaghai ya mwaka 2006 inaona kinyume chake: kosa linakamilika kwa kutoa maelezo ya uongo kwa nia ya kujipatia faida au kumtia mwingine hasara, hata kama hakuna aliyedanganyika, na adhabu yake yaweza kufika miaka 10 gerezani.

Tofauti hiyo ya mtazamo ina matokeo. Anayeona aibu hunyamaza, na ukimya humnufaisha tapeli, ambaye mara nyingi hurudi kwa jina jingine, akijidai wakili au mpelelezi awezaye kuzirejesha fedha zilizopotea. Naye pia hudai ada kwanza. Aliyekwisha kulipa anahitaji kuiarifu benki yake mapema iwezekanavyo, kabla fedha hazijahamishwa tena. Uingereza ina anwani ya kupelekea barua pepe za kutiliwa shaka, report@phishing.gov.uk, iliyoanzishwa mwaka 2020, na namba 7726 kwa ujumbe wa simu. Tanzania ina namba 15040 kwa kazi hiyo ya ujumbe wa simu. Njia hizo hutumika na mtu aliyekubali kusema yaliyompata, na ni vigumu kuyasema mbele ya ndugu ambao tayari wana msemo wa kumcheka.