Uvimbe kwenye bandama: hesabu za Toronto zilizofichua seli shina

Agosti 1945, mabomu ya atomiki yalipoangushwa Hiroshima na Nagasaki, wako watu walionusurika moto na kifusi, wakarudi kwa jamaa zao wakitembea kwa miguu yao wenyewe, kisha wakafa wiki kadhaa baadaye. Nywele zilinyonyoka, ufizi ukatoka damu, na kidonda kidogo tu kikatosha kumwua mtu. Mionzi ilikuwa imeua uloto, ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa.

Vita Baridi vilipopamba moto, wanasayansi wengi wakageukia tatizo hilo la mionzi. Mwaka 1951 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya aliyepigwa mionzi ya kumwua anaweza kupona akidungwa uloto wa panya mzima. Kumbe ndani ya uloto mlikuwa na kitu cha kuirudisha damu yote. Kitu gani hasa? Mrusi Alexander Maximow alikwishasema tangu 1909 kwamba aina zote za chembe za damu zina mzazi mmoja, lakini hakuwa na namna ya kuthibitisha. Mzazi huyo, ukimtazama kwa hadubini, hana alama ya kumtenga na chembe nyeupe za kawaida. Wengine walishikilia kwamba kila aina ya chembe ina mzazi wake.

Aliyemaliza ubishi hakumwona mzazi huyo kwa macho. Alimhesabu.

Ilikuwa Toronto, Kanada, katika Taasisi ya Saratani ya Ontario iliyofunguliwa mwaka 1958. Humo walikutana watu wawili wasiofanana hata kidogo. James Till alikulia shambani karibu na Lloydminster, magharibi mwa nchi, akasomea fizikia kwa Harold Johns, mmoja wa waanzilishi wa tiba ya saratani kwa mashine ya kobalti. Ernest McCulloch alikuwa daktari, mtoto wa familia yenye uwezo ya mjini Toronto, mwenye mawazo yanayoruka huku na huko. Till alidai vipimo. McCulloch alileta maswali. Kwa maoni yangu, kila mmoja peke yake asingefika mbali.

Lengo lao lilikuwa dogo: kupima uloto unastahimili mionzi kiasi gani. Waliwapiga panya mionzi ya kuua, wakawadunga chembe za uloto kwa viwango tofauti, kisha wangesubiri mwezi mmoja kuona nani amebaki hai. Lakini Jumapili moja, kama siku kumi tu baada ya kudunga, McCulloch aliingia maabara peke yake na kuwapasua baadhi ya panya. Kwenye bandama zao alikuta vivimbe vidogo. Mwingine angeviandika pembeni kama kasoro na kuendelea na kazi. Yeye alivihesabu kimoja kimoja, akachora idadi yake kwenye karatasi ya grafu dhidi ya idadi ya chembe alizomdunga kila panya.

Mstari ulinyooka. Chembe zikizidi mara mbili, vivimbe navyo vilizidi mara mbili. Takriban kivimbe kimoja kwa kila chembe 10,000 za uloto. Na ndani ya vivimbe hivyo mlikuwa na chembe nyekundu, chembe nyeupe na zile zinazozaa vigandisha damu, zote zikiongezeka pamoja. Hesabu ile iliashiria kwamba kila kivimbe kimetoka kwa chembe moja tu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1961 katika jarida la wataalamu wa mionzi, chini ya kichwa kisichosema lolote kuhusu seli shina, yaani yule mzazi wa chembe zote za damu. Wachache waliyatilia maanani. Wenyewe pia hawakuridhika, kwa sababu mstari ulionyooka ni dalili, bado si ushahidi. Mwanafunzi wao Andrew Becker ndiye aliyebuni jaribio la kukata shauri: uloto uliodungwa ulipigwa mionzi ya kiasi cha kuvunja kromosomu na kuziunga upya vibaya, ili baadhi ya chembe zibebe kilema ambacho nyingine hazina. Walipofungua vivimbe vyenye alama hizo, karibu chembe zote zilizokuwa zikigawanyika ndani ya kivimbe kimoja zilikuwa na kilema kilekile. Mama alikuwa mmoja. Hiyo ilikuwa 1963. Mwaka huohuo, wakishirikiana na Louis Siminovitch, walichukua chembe za kivimbe na kuzidunga kwa panya mwingine, na vivimbe vipya vikaota: seli shina huzaa aina nyingine, na pia hujizaa yenyewe. Sifa hizo mbili ndizo zinazoitambulisha mpaka leo.

Wengine walivuna. Donnall Thomas wa Marekani, aliyeanza kuwawekea binadamu uloto miaka ya 1950, alipata Nobel mwaka 1990. Shinya Yamanaka wa Japani, aliyefaulu mwaka 2006 kuzirudisha chembe za ngozi ya panya katika hali inayofanana na seli shina za kiinitete, aliipata mwaka 2012. Till na McCulloch walipewa tuzo ya Lasker mwaka 2005, na McCulloch akafariki Januari 2011 bila Nobel. Kamati ya Nobel ilikosea, na kosa hilo halirekebishiki, maana marehemu hapewi.

Matunda ya kazi yao yamefika mpaka Dodoma, ambako katika Hospitali ya Benjamin Mkapa watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, wamepandikizwa uloto wa ndugu zao. Kabla ya kupandikiza, madaktari hufanya kilekile alichofanya McCulloch Jumapili ile: huhesabu, wajue kama seli shina zinatosha. Mtoto huwa na nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na ndugu yake wa baba na mama mmoja. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu amwulize daktari wake kuhusu kipimo cha ulinganifu huo, na aulize mapema, mtoto angali mdogo, kabla ugonjwa haujaharibu viungo.