Je, Wazazi Wenye Akili Huzaa Watoto Wenye Akili? Historia ya Dai la Urithi kutoka London hadi Nairobi, 1869–1939

Utangulizi

Waswahili husema kwamba maji hufuata mkondo. Husema pia kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hizi mbili zimeishi pamoja kwa muda mrefu, kwa kuwa kila moja huwa na mahali pake: ya kwanza hutajwa mtoto anapofanana na wazazi wake, na ya pili mzazi anapokumbushwa wajibu wake. Katika historia ya sayansi, mambo hayakuwa hivyo. Wazo la mkondo lilitengwa na wazo la malezi, likavikwa takwimu, na hatimaye likatumiwa kuamua ni watoto wa nani waliostahili shule.

Insha hii inachunguza safari ya wazo hilo kutoka Uingereza ya karne ya 19 hadi koloni la Kenya katika miaka ya 1930. Hoja kuu ni kwamba mtafiti aliyeasisi dai la kurithiwa kwa akili ndiye pia aliyegundua kanuni ya kitakwimu inayoliwekea mipaka. Waliolihamishia dai hilo Kenya walilibeba bila ya mipaka hiyo.

Galton na koo za watu mashuhuri

Francis Galton (1822–1911), binamu wa Charles Darwin, alichapisha kitabu chake Hereditary Genius mwaka 1869. Kwa kuwa wakati huo hapakuwa na majaribio ya kupima akili, alitumia umashuhuri kama kipimo mbadala. Alikusanya habari za majaji, viongozi wa serikali, makamanda wa jeshi, wanasayansi, washairi na wanamuziki, kisha akahesabu jamaa zao waliokuwa mashuhuri pia. Katika kila familia 100 za namna hiyo, akimchukua mtu mashuhuri kuliko wote kuwa kitovu, alipata akina baba mashuhuri 31, ndugu wa kiume 41, wana wa kiume 48 na wajukuu 14. Kwa kuwa yeye mwenyewe alikadiria kuwa mtu mashuhuri hupatikana mmoja tu kati ya watu 4,000, aliona kwamba hesabu hizo haziwezi kuelezwa kwa bahati.

Ni kweli kwamba haziwezi kuelezwa kwa bahati. Lakini kutokuwa bahati si sawa na kuwa damu. Mwana wa jaji wa Kiingereza hakurithi mwili wa baba yake tu. Alirithi pia jina, ada ya shule, marafiki wa baba na mlango uliokwisha kufunguliwa. Kipimo cha Galton kilichanganya uwezo na nafasi tangu mwanzo, na hesabu yoyote iliyofuata haikuweza kuvitenganisha. Aidha, wanawake karibu hawamo katika orodha zake, ingawa kila mwana aliyehesabiwa alikuwa na mama.

Upinzani haukuchelewa. Mwaka 1873 mwanabotania wa Uswisi, Alphonse de Candolle, alichapisha historia ya wanasayansi wa Ulaya akionyesha uzito wa mazingira: elimu, uhuru wa fikra, dini na taasisi za nchi. Galton alijibu mwaka 1874 kwa kitabu kilichotokana na hojaji alizowapelekea wanasayansi wa Uingereza, na humo akaweka asili na malezi kama nguvu mbili zinazoshindana. Tangu hapo mjadala umeendeshwa kana kwamba lazima mmoja ashinde.

Kanuni ya urejeo

Hatua muhimu zaidi ya kazi ya Galton haikutokana na watu mashuhuri, bali na mbegu na vimo. Katika miaka ya 1870 alipanda mbegu za maua ya jamii ya njegere zilizopangwa kwa ukubwa. Aligundua kwamba mbegu kubwa zilizaa mbegu zilizozidi wastani, lakini si kwa kiasi kile cha mama zao. Baadaye alitangaza zawadi za fedha kwa familia ambazo zingemletea kumbukumbu za jamaa zao. Mwaka 1886 alichapisha uchambuzi wa vimo vya watoto 928 waliokwisha kuwa watu wazima, waliozaliwa na jozi 205 za wazazi. Matokeo yalikuwa yaleyale: wazazi waliozidi wastani kwa inchi 3 walikuwa na watoto walioelekea kuuzidi kwa inchi 2 hivi. Wazazi wafupi nao walikuwa na watoto wafupi, ila si wafupi kama wao.

Huu ndio urejeo kwenye wastani. Hauna maana kwamba kuna nguvu inayowavuta watoto kuelekea katikati, kwa sababu, kama Galton mwenyewe alivyotambua, kanuni hiyo hufanya kazi kinyumenyume pia: ukianza na watoto warefu sana, utakuta wazazi wao ni wafupi kuliko wao kwa wastani. Maana yake ni kwamba uhusiano kati ya vizazi viwili upo, lakini si kamili. Tukiuhamishia katika swali letu, jibu lina sehemu mbili zisizotenganishika. Watoto wa wazazi wenye akili nyingi huelekea kuwa juu ya wastani. Na wakati huohuo, wengi wao hawafikii kiwango cha wazazi wao, huku wengine wakiwapita. Na kwa kuwa wazazi wa kiwango cha kawaida ni wengi mno, sehemu kubwa ya watoto wenye vipaji hutoka katika nyumba ambazo hakuna aliyezitarajia.

Galton hakufuata njia iliyofunguliwa na ugunduzi huu. Mwaka 1883 alikuwa amekwisha kubuni jina la yujeniki, yaani elimu iliyodai kuboresha vizazi kwa kuwahimiza baadhi ya watu wazae na kuwazuia wengine, na aliendelea kuitetea hadi kifo chake. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto.

Dai linafika Nairobi

Katika kitabu cha 1869 Galton alikuwa pia amewapanga watu wa mataifa mbalimbali kwa ngazi za akili, akiwaweka Waafrika ngazi mbili chini ya Waingereza. Hakuwa amempima yeyote. Alitegemea masimulizi na maoni ya wasafiri, yakiwemo yake. Sura hiyo ndiyo iliyopata wasomaji tayari miongoni mwa walowezi.

Mwaka 1933 iliundwa mjini Nairobi jumuiya ya kuchunguza uboreshaji wa mbari. Sauti yake kuu ilikuwa ya Dkt. H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari. Gordon alidai kwamba upungufu wa akili ulikuwa umeenea miongoni mwa Waafrika na kwamba ulikuwa wa kuzaliwa nao. Mwenzake, mwanapatholojia F. W. Vint, alichapisha mwaka 1934 uchunguzi wa ubongo wa Waafrika waliofariki, akidai kuwa gamba la ubongo wao lilikuwa jembamba kuliko la Wazungu. Kutoka hapo hitimisho lilikuwa jepesi: elimu ya Ulaya ingewazidi uwezo watoto wa Kiafrika, na hata kuwadhuru.

Udhaifu wa hoja hiyo unaonekana tukiuliza swali moja: ni mzazi gani na mtoto gani waliopimwa pamoja? Dai lilihusu urithi, lakini hakuna jozi ya mzazi na mtoto iliyowekwa mezani. Tofauti kati ya makundi mawili yaliyoishi katika hali tofauti za lishe, maradhi na shule ilichukuliwa moja kwa moja kuwa tofauti ya asili. Hata kama urithi ungethibitishwa ndani ya kila kundi, usingeeleza tofauti iliyopo kati ya makundi hayo. Mbegu za gunia moja zikipandwa nusu kwenye rutuba na nusu kwenye mwamba, tofauti kati ya mashamba hayo mawili haitokani na mbegu.

Wakati huohuo R. A. C. Oliver, aliyetayarisha jaribio la akili kwa ajili ya Waafrika lililochapishwa Nairobi mwaka 1932, alitahadharisha kwamba mazingira na elimu vilizuia ulinganisho wa haki kati ya mbari. Ombi la Gordon na wenzake la kugharimiwa utafiti mpana halikukubaliwa London, na kufikia mwisho wa muongo vuguvugu hilo lilikuwa limefifia. Hata hivyo, mtoto aliyenyimwa darasa katika miaka hiyo hakurudishiwa miaka yake.

Ushahidi wa baadaye

Tafiti za mapacha na za watoto wa kulea zilizofanywa tangu wakati huo zimethibitisha kwamba urithi una sehemu katika tofauti za akili baina ya mtu na mtu. Zimethibitisha pia kwamba sehemu hiyo si kiasi kisichobadilika, bali hutegemea hali ambamo watu wamelelewa. Ushahidi ulio karibu nasi zaidi unatoka Embu, Kenya. Watoto wa umri wa miaka 7 hivi walipimwa huko mwaka 1984, na wengine wa umri uleule mwaka 1998. Katika jaribio la maumbo la Raven, wastani ulipanda kutoka takriban alama 13 hadi 17. Jeni za watu hazibadiliki kwa kiasi hicho katika miaka 14. Watafiti waliotoa matokeo hayo mwaka 2003 walitaja lishe bora zaidi, wazazi waliojua kusoma na mabadiliko katika muundo wa familia.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba jibu la swali letu limekuwepo tangu 1886: wazazi wenye akili huelekea kupata watoto walio juu ya wastani, lakini si lazima wawe sawa nao, na hakuna ukoo wala mbari yenye hatimiliki ya vipaji. Kilichobadilika katika historia si ugunduzi huo bali matumizi yake. London ilisoma nusu ya matokeo, na Nairobi ikasoma nusu ya nusu hiyo. Funzo kwa mtafiti wa historia ya elimu Afrika Mashariki ni kwamba sera ya kuchagua watoto wa kusomeshwa kwa kuangalia wazazi wao haikuwahi kuwa na msingi katika takwimu zilizodaiwa kuiunga mkono. Maji hufuata mkondo, lakini mkondo wenyewe huchimbwa.