Kutoka Kipande hadi Mkataba

Ninyi wenye maduka, gereji na saluni huku Mbagala na Tegeta, tukumbuke kipande. Enzi za Mwingereza, kibarua alibeba kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi. Zilipotimia 30 ndipo alipolipwa. Sheria ya mwaka 1923 ya mabwana na watumishi wa kienyeji ilimhesabu aliyetoroka kazi kuwa mkosaji wa kuadhibiwa. Karatasi ile ilimbana mtumishi kuliko bwana, wala hatuoni haja ya kulisema kwa upole.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliuhamishia mwajiri mzigo wa karatasi. Haiulizi ukubwa wa duka: hata mwenye msaidizi mmoja anapaswa kumwandikia masharti ya kazi yake, kama vile mshahara na saa. Wengi wetu husema, "Huyu ni mtoto wa dada, tumeelewana." Lakini likizuka shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na maandishi hayapo, ni mwajiri atakayetakiwa kuthibitisha kilichopatanwa. Na mtoto wa dada, akiwa ameajiriwa, hapunguziwi siku zake 28 za likizo ya mwaka kwa kuwa anakula mezani petu.