Plagi Isiyokubali Kukosewa
Chomoa umeme, kisha fungua mfuniko wa pembeni wa kompyuta yako ya mezani. Unaona ile plagi pana kutoka pawa saplai? Ukiigeuza, haiingii kwenye mazabodi. Zamani haikuwa hivyo. Kwenye mashine zilizofuata mpangilio wa IBM AT wa 1984, plagi zilikuwa mbili, pacha kabisa, zikikaa bega kwa bega. Fundi alikariri: waya nyeusi zikutane katikati. Ukizibadilisha nafasi, bodi inaweza kuungua palepale. Tena swichi ya mbele, kwenye nyingi, ilipitisha umeme wenyewe wa ukutani!

Mwaka 1995 Intel ikaleta ATX: plagi moja ya pini 20, na swichi inayotuma ishara tu. Pini 4 ziliongezwa baadaye. Ndiyo maana plagi nyingi zina kipande kidogo kinachobanduka.