Nani Aliwahesabu Wasiopona? Kikombe cha Samunge na Udhaifu wa Hoja ya Ujinga

Kila linapozuka dai la tiba ya ajabu katika Afrika Mashariki, wasomi huwa na jibu mkononi: wananchi hawana elimu, waelimishwe. Hoja hii imerudiwa katika semina na tahariri mpaka hakuna anayeidai ushahidi. Makala haya yanaipinga. Yanashikilia kwamba maelfu waliokwenda Samunge mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa walifikiri, waliulizana na walitafuta ushahidi kwa bidii. Walichokosa ni kile ambacho mtu mmoja hawezi kujikusanyia hata awe na shahada ngapi: hesabu ya wote waliokunywa, na yaliyowapata baadaye.

Kisa chenyewe kinajulikana. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, maarufu kama Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa iliyochemshwa kwa mizizi ya mugariga kijijini Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, kwa shilingi 500. Alieleza kuwa Mungu alimfunulia dawa hiyo ndotoni. Ilinywewa mara moja tu, palepale, kutoka mkononi mwake, na ilisemwa kuponya kisukari, presha, saratani, pumu na UKIMWI. Kufikia Machi 2011 foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Wagonjwa walitolewa wodini wakapelekwa huko, na magazeti yakaripoti vifo vya waliozidiwa njiani. Mawaziri na wabunge walikunywa. Mwishoni mwa mwezi huo Babu mwenyewe aliomba watu wasitishe safari kwanza ili waliokwisha kufika wahudumiwe.

Kuhusu maana ya tukio hili kiimani na kiutamaduni sina ugomvi na walionitangulia. Mika Vähäkangas ameonyesha vizuri jinsi Babu alivyozikutanisha dunia kadhaa za Mtanzania, ya kanisa, ya mitishamba na ya kisasa. Dominik Mattes ameeleza namna watu wanaoishi na VVU walivyozipima njia mbalimbali za tiba sambamba, bila kuona lazima ya kuchagua moja na kuitupa nyingine. Ugomvi wangu ni na wale waliohitimisha kuwa Samunge ilikuwa sikukuu ya wajinga.

Kama ujinga ndio ungekuwa chanzo, msomi angesalimika. Hakusalimika. Katika foleni ile walikuwamo wahadhiri na maofisa wa serikali. Isitoshe, miaka ishirini kabla ya hapo dai kama hilo lilitoka maabara. Mwaka 1990, nchini Kenya, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, chini ya Davy Koech walitangaza kuwa Kemron, yaani interferoni ya kiwango kidogo inayotumiwa kwa mdomo, iliwapa nafuu kubwa wagonjwa wa UKIMWI. Rais Moi aliipokea hadharani kama fahari ya taifa. Hapakuwa na ndoto wala mizizi, palikuwa na makoti meupe na jarida la kisayansi, lakini matumaini yalikuwa yaleyale na kasi ya kuenea ilikuwa ileile. Kilichokuja kulizima dai hilo ni majaribio yenye kundi la kulinganisha, likiwamo la Kampala lililohusisha wagonjwa zaidi ya 500, ambayo hayakuona faida yoyote. Wagonjwa walihesabiwa, waliopata dawa na waliopata kidonge kisicho na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepata kipi.

Sasa turudi Samunge, tuutazame ushuhuda kwa makini, maana hapo ndipo hoja ya ujinga inapovunjika. Mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU anakwenda Samunge, anakunywa kikombe, anaamini amepona, anaacha vidonge. Mwili wake utamwambia nini? Virusi huanza kuongezeka tena damuni ndani ya majuma machache, lakini mara nyingi mwenye navyo hahisi chochote. Magonjwa nyemelezi yanaweza kuchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka, kabla hayajajitokeza. Tena, miongoni mwa dawa zilizotumika sana wakati ule ilikuwamo efavirenzi, inayojulikana kwa kizunguzungu na ndoto za kutisha. Aliyeiacha alilala vizuri na kuamka mwepesi. Kwa hiyo katika majuma yaleyale ambayo virusi vilikuwa vikirudi, mgonjwa alikuwa akijisikia nafuu ya kweli. Alipowaambia jirani zake kuwa amepona hakusema uongo, wala hakukosa akili. Alisoma dalili alizokuwa nazo, na dalili hizo zilimpeleka pabaya.

Presha ni hivyohivyo. Mara nyingi haina dalili, hivyo kujisikia vizuri si ushahidi wa lolote. Sukari hupanda na kushuka kwa chakula, kwa msongo na kwa mwendo, na kipimo kimoja kilichoshuka baada ya siku kadhaa za safari na mlo wa shida hakithibitishi uponyaji. Pumu huja na kuondoka. Zaidi ya hayo, watu hufunga safari ndefu ugonjwa unapokuwa umewazidi, na ugonjwa wa kupanda na kushuka ukifika kileleni kwa kawaida hushuka, kikombe kiwepo kisiwepo. Hatimaye, aliyepata nafuu alirudi kusimulia kanisani na sokoni. Aliyefariki miezi sita baadaye, mkoa wa mbali, alizikwa kwa jina la ugonjwa wake, na msibani hapakuwa na aliyetaja Samunge. Ushuhuda uliomfikia kila aliyeulizia ulikuwa umechujwa kabla hajausikia. Hakuna mwananchi, hata profesa wa takwimu, ambaye angeweza kuurekebisha mchujo huo akiwa peke yake nyumbani kwake.

Ni nani basi angeweza? Serikali. Nayo haikukaa kimya. Wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili waliichunguza dawa, wakaeleza kuwa mugariga ni mti unaojulikana katika tiba za jadi na kwamba kwa kiwango kilichotolewa haikuonekana kuwa na madhara. Kazi hiyo ilikuwa halali. Lakini ilijibu swali ambalo mgonjwa hakuliuliza. Mgonjwa aliuliza kama inaponya, akajibiwa kwamba haidhuru, na katika masikio ya mtu aliyekata tamaa majibu hayo mawili yalisikika kama jibu moja. Tena, kwa mwenye VVU, hata hilo la kutodhuru lilikuwa kweli kwa kikombe tu. Dhara lilikuwa katika vidonge vilivyoachwa. Ufuatiliaji wa baadhi ya wanywaji ulizungumzwa baadaye, ila kipimo cha kabla ya kunywa hakirudishiki kwa mtu ambaye amekwisha kunywa.

Wapo watakaosema kwamba imani haipimwi. Nakubali kuhusu sala. Lakini dai kuwa sukari ya damu imeshuka ni dai kuhusu sukari ya damu, na anayelitoa amekwisha kuliingiza katika mambo ya kupimwa. Wengine watasema serikali haikuweza kupima watu katikati ya umati ule. Kuwapima wote kusingewezekana, kweli. Mia chache wangetosha, na magari yalisimama siku kadhaa barabarani yakisubiri.

Uwezo huo nchi inao. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu waliugua, macho yakawa ya manjano, matumbo yakajaa, wengine wakafa. Sumukuvu iliyokuwa ndani ya mahindi yao haionekani kwa macho wala haionjeki. Wachunguzi waliorodhesha wagonjwa 68, wakiwamo 20 waliofariki, wakawalinganisha na majirani wasiougua, wakapima mahindi ya pande zote mbili. Sumu ikajulikana. Haikuhitajika kwanza kila kaya ifundishwe kufikiri kwa makini. Ilihitajika orodha kamili na watu wa kulinganisha nao.

Sisemi kuwa elimu haina kazi. Nasema imebebeshwa mzigo wa taasisi, na mgonjwa amelaumiwa kwa kukosa alichopaswa kupewa. Nathubutu hata kusema kwamba, kama daftari la wanywaji mia chache lingefunguliwa Samunge mwezi Machi 2011 na matokeo yake kutangazwa redioni, foleni ile ingefupika bila amri ya mtu yeyote.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lililoundwa chini yake. Baraza hilo lipewe wajibu na fedha za jambo moja mahususi: pale dai la uponyaji linapoanza kukusanya umati, maofisa wake wafike ndani ya siku chache, waandikishe wagonjwa kwa hiari yao, wawapime kabla hawajanywa, wawashauri wasiache dawa zao, wawatafute tena baada ya miezi mitatu na sita, na watangaze hadharani idadi ya waliopona pamoja na ya wasiopona.